Ushanga umetoka na ukungu: kuoka na kung'arisha udongo wa polima unaopitisha mwanga

Malalamiko kuhusu udongo wa polima unaopitisha mwanga ni yale yale. Shanga zimetoka na ukungu. Zimegeuka rangi ya chai. Zimekatika zilipotungwa. Zinanata mkononi mwezi mmoja baada ya kuuzwa. Mwenye shanga hulaumu udongo, muuzaji wa udongo hulaumu oveni, na mara nyingi tatizo liko hapo katikati: mtu ameogopa shanga zisiungue, akapunguza moto, akafupisha muda, na udongo ukatoka haujaiva. Udongo usioiva una ukungu na hukatika upesi. Akinunua pakiti nyingine, anaoka kwa woga zaidi ya mara ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla hujatupa pakiti, tafuta dalili yako hapa chini. Ila sehemu ya kipimajoto usiiruke, hata kama oveni yako ni mpya.

Kwanza: joto la kweli ndani ya oveni

Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni ni ahadi tu. Oveni ndogo za mezani, hizi zinazopangwa nje ya maduka ya Luthuli Avenue hapa Nairobi, hupanda kupita kiwango ulichoomba, hujizima, hushuka chini yake, kisha hupanda tena. Tofauti ya nyuzi 20 si ajabu. Keki haitajali sana. Udongo unaopitisha mwanga utajali, kwa sababu hauna rangi ya kufichia makosa: doa ambalo ushanga mweusi ungelimeza, huu utalionyesha.

Nunua kipimajoto cha oveni, kile cha kusimamisha juu ya wavu. Kiweke mahali shanga zitakapokaa, si karibu na mlango. Washa oveni ikiwa tupu, iache dakika 20, kisha chungulia kila baada ya dakika chache bila kufungua. Sindano ikicheza kati ya 115 na 145 wakati umeomba 130, weka kigae kimoja au viwili chini ya wavu. Mabaki ya vigae vya sakafu kwa fundi wa ujenzi yanatosha. Kigae hushika joto na kulitoa polepole, na mchezo wa sindano hupungua.

Kisha soma pakiti yako, maana chapa hazifanani. Fimo huokwa kwa nyuzi 110 kwa dakika 30. Pardo inayopitisha mwanga ni 120. Cernit ni kati ya 110 na 130. Premo ya Sculpey ni 135, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Kato Polyclay inataka 150. Anayeoka Premo kwa joto la Fimo kwa sababu rafiki yake anatumia Fimo atapata shanga mbichi, na hatajua kwa nini.

Kuna maswali mawili ambayo Nairobi hayakwepeki. La kwanza ni kama mwinuko wa jiji unabadilisha joto la kuoka, kama wapishi wa keki wanavyolalamika. Hapana. Polima haiumuki, na nyuzi 130 za Nairobi ndizo nyuzi 130 za Kisumu. La pili ni kama mtu asiye na oveni anaweza kuchemsha shanga kwenye sufuria. Hapo mwinuko una neno lake: tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Hata Mombasa, ambako huchemka kwa 100, yasingefikia 110 ambayo Fimo inaitaka. Ushanga uliochemshwa utakuwa mgumu kwa nje na utakatika ukivutwa.

Maikrowevu ya kawaida haifai kabisa. Jiko la makaa halifai pia, kwani hakuna anayeweza kulishikilia kwenye 130 kwa saa nzima. Oveni ya gesi hufaa ukifunika shanga vizuri, ingawa gesi inapoungua hutoa mvuke, na mvuke una lawama zake utakazozisoma mbele. Vikaangio vya hewa vinatumika siku hizi, lakini waya wa moto uko karibu mno na shanga. Ukilazimika, funika, na kikaangio hicho usikirudishe kwenye viazi.

Dalili: ukungu mwili mzima

Kwanza lowesha ushanga. Uchovye kwenye maji safi, uinue mbele ya dirisha. Ukiwa majini unapitisha mwanga vizuri na ukikauka unarudi kuwa na ukungu, tatizo liko juu ya ngozi: mikwaruzo midogo inatawanya mwanga. Nenda kwenye sehemu ya msasa. Ukibaki na ukungu hata ukiwa umelowa, tatizo liko ndani, na hapa ndipo pako.

Jina udongo lisikupotoshe, maana hamna udongo ndani yake. Shanga za Kazuri kule Karen ni za udongo wa kweli wa mfinyanzi, zinachomwa kwenye tanuri. Hizi zetu ni chembe ndogo sana za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kilainishi. Udongo ukiwa mbichi, mwanga hugonga chembe moja, ukapinda, ukagonga nyingine, ukatawanyika. Ndiyo sababu kipande kipya kutoka kwenye pakiti huonekana cheupe na kizito. Joto likitosha, chembe hunyonya kilainishi, huvimba na kuungana kuwa mwili mmoja, na mwanga hupata njia. Zikiungana nusu, nusu ya ukungu inabaki.

Basi chanzo cha kwanza cha ukungu wa ndani ni kutoiva. Kulithibitisha ni rahisi: kila unapooka, weka kando ya shanga ukanda wa udongo uleule wenye unene wa milimita 2. Ukipoa kabisa, ukunje. Ukijikunja na kurudi bila kuvunjika, umeiva. Ukikatika papo hapo na ukingo wake ukawa wa chaki, haujaiva, na shanga zilizokuwa jirani yake hazijaiva pia. Usiupime ukiwa moto. Udongo wa polima hulegea ukiwa moto hata ukiwa umeiva vizuri, na wako watu wanaorudisha shanga ndani mara mbili tatu wakidhani bado ni mbichi.

Dawa yake ni kurudisha shanga zilezile kwenye oveni, kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, ukizifunika, na kuongeza dakika 30 au hata saa nzima. Polima haidhuriki kwa kuokwa mara ya pili. Muda mrefu kwenye joto sahihi hauunguzi. Kinachounguza ni joto lililozidi. Hili ndilo watu hukataa kuliamini. Wanapunguza muda ili rangi isibadilike, wakati kilichobadilisha rangi safari iliyopita kilikuwa waya wa oveni uliokuwa sentimita chache juu ya shanga.

Chanzo cha pili ni unene. Ushanga wa milimita 8 uliopikwa vizuri utaonyesha kivuli cha kidole kikiwa nyuma yake. Ule wa milimita 20, uliookwa pamoja nao, utabaki wa maziwa, na hakuna muda wa oveni utakaoubadilisha. Ukitaka ushanga mkubwa wenye kina, tengeneza kiini cha rangi nzito, kifunike kwa karatasi nyembamba ya dhahabu au fedha ya mapambo, kisha juu yake laza ngozi ya milimita 1 ya udongo unaopitisha mwanga. Mwanga utapenya ngozi, utagonga dhahabu na kurudi. Jicho litadhani limeona ndani zaidi ya lilivyoona.

Chanzo cha tatu ni rangi nyingi. Rangi ya kawaida ya udongo ina vumbi la rangi lisilopitisha kitu, na nyeupe ndiyo mbaya kuliko zote. Kipande cha ukubwa wa punje ya ulezi kinatosha kwa donge la ukubwa wa yai. Kumbuka pia kwamba rangi hukolea ndani ya oveni: waridi hafifu wa mezani hutoka waridi kamili. Anayetumia wino wa spiriti aupake juu ya karatasi ya udongo, auache ukauke kabisa, ndipo akande. Spiriti iliyofungiwa ndani hugeuka viputo.

Maji ya barafu husaidia kidogo. Toa shanga zikiwa moto, zitumbukize kwenye bakuli la maji yenye barafu, ziache dakika chache. Kwa baadhi ya chapa, Premo hasa, zinatoka safi zaidi. Nisingeweka ushanga mnene hapo, wala wenye kiini cha kitu kingine. Mshtuko wa baridi unaweza kuupasua. Tena barafu haiponyi ushanga mbichi.

Mwisho wa ukungu ni matarajio. Hakuna udongo wa polima unaotoka kama kioo. Uliopikwa na kung'arishwa vizuri hufikia hali ya jiwe la kwatsi ya waridi au nta safi ya mshumaa. Mteja anayetaka kioo mpe kioo.

Dalili: vipande vyeupe ndani, vya umbo la mwezi mchanga

Hii si ukungu. Zima taa, washa tochi ya simu, ubonyeze ushanga juu yake. Utaona mwili unawaka, na ndani yake vipande vidogo vyeupe vilivyopinda, vingine vya milimita moja, vingine vidogo kuliko hapo, vimelala pande zote bila mpango. Ukiugeuza ushanga, kimoja hutoweka na kingine hutokea, kwa kuwa ni bapa na hushika mwanga kwa pembe moja tu. Kwenye mchana wa kawaida huonekana tu kuwa ushanga una chembe.

Mafundi wengi wa polima hulaumu unyevu na hewa iliyonaswa wakati wa kukanda. Chukua hatua zote mbili. Kata udongo vipande vyembamba badala ya kuukunjakunja mkononi. Ukitumia mashine ya tambi kulaza udongo, ingiza upande wa mkunjo kwanza, ili hewa itoroke nyuma. Kausha mikono, na usilowanishe kisu kwa maji ili kisinate; tumia wanga. Kwenye mvua za Aprili, ambapo hata chumvi hulowa mezani, udongo uliofunguliwa usiuache wazi usiku. Na kwenye oveni ya gesi, funga chombo cha shanga sawasawa.

Chembe hizo zikishatokea ndani ya ushanga uliookwa, hazitoki. Lakini shanga usizitupe. Anayeiga jiwe la jedi au la kwatsi huzitafuta chembe hizo kwa makusudi, kwani mawe ya kweli nayo yana mawaa. Tia kijani hafifu sana kwenye fungu linalofuata, na mawaa yale yataonekana kuwa ya jiwe.

Dalili: njano au kahawia

Angalia mahali rangi ilipo. Ikiwa juu tu, upande uliotazama waya, joto la mng'ao limeupiga. Kipimajoto kinaweza kusoma 130 huku ngozi ya ushanga iliyo karibu na waya mwekundu iko juu zaidi. Ikiwa chini tu, trei ya chuma ilipata moto kupita hewa. Ikiwa pande zote sawasawa, oveni nzima imezidi.

Kwa hali mbili za kwanza kifuniko ndicho dawa; kwa ya tatu, punguza moto kwanza hadi kipimajoto kisome joto la pakiti, kisha funika. Trei mbili za foili, moja imefunikwa juu ya nyingine na kubanwa kwa vibanio vya karatasi, zinafanya kazi nzuri. Sufuria fupi ya bati yenye kifuniko kutoka kwa mafundi wa Kamukunji inafanya vizuri zaidi na haichakai, mradi iingie kwenye oveni. Ndani yake mwaga wanga wa mahindi, ule mweupe wa kukolezea mchuzi, halafu zika shanga zote humo. Si unga wa ugali. Unga wa ugali una chenga, na utaona alama ya kila chenga kwenye ngozi. Magadi ya kupikia maharagwe pia hapana. Wanga huzuia mng'ao wa waya, hushikilia mviringo wa ushanga, na huoshwa kwa maji na mswaki wa zamani. Kwa kuwa chombo kilichofunikwa huchelewa kupata joto, anza kuhesabu muda pale kipimajoto kilichozikwa ndani, au angalau kilicho kando ya chombo, kitakapotulia.

Zipo chapa zenye udongo uliosafishwa uwe mweupe zaidi, na hizo hazigeuki njano sana kama nyingine. Kwa shanga zisizo na rangi kabisa ongeza shilingi ukanunue hizo. Kwa nyekundu na kahawia, udongo wa kawaida unatosha.

Ushanga uliogeuka njano kidogo haurudi. Una kazi nyingine: kaharabu. Tia tone la rangi ya machungwa na la kahawia kwenye udongo wa fungu lijalo, changanya na shanga zako za njano, na utakuwa na mkufu wa vivuli vinavyotofautiana, jambo ambalo kaharabu halisi inalo. Maasai Market utaulizwa: "Dada, hii ni kaharabu kweli?" Jibu ni moja: "Hapana mama, ni polima, nimeitengeneza mwenyewe." Mteja wa Eastleigh aliyerithi kaharabu ya bibi yake anajua kipimo cha maji ya chumvi. Kaharabu huelea kwenye maji yaliyojaa chumvi hadi chumvi ikakataa kuyeyuka. Polima huzama moja kwa moja.

Kahawia iliyokolea, yenye malengelenge na harufu kali ya kuchoma pua, ni jambo jingine. PVC ikipita takriban nyuzi 175 huanza kuvunjika na kutoa gesi ya asidi. Zima umeme, fungua madirisha, toa watoto nje, usirudi mpaka harufu iishe. Kwa nyumba ya chumba kimoja hili ni la kutilia maanani zaidi: oveni iwe karibu na dirisha lililo wazi tangu mwanzo, si baada ya moshi.

Dalili: ushanga umekatika au umepasuka

Kukatika na kupasuka si kitu kimoja. Ushanga uliokatika wakati wa kutungwa, na ndani yake ukakuta unga, haukuiva; rudi juu. Ushanga uliotoka kwenye oveni ukiwa na ufa mwembamba ulivutwa pande mbili: ngozi iliiva na kukaza kabla ya ndani, au hewa ilipanuka, au ulitolewa kwenye joto ukapelekwa kwenye baridi ya Julai ya dirisha lililo wazi. Shanga nene zianzie kwenye oveni isiyo na moto, zipande nayo, na zipoe ndani yake mlango ukiwa umefungwa.

Ufa mdogo hujazwa kwa polima ya majimaji ya chapa inayooana, inayopitisha mwanga. Ipake kwa ncha ya sindano wakati ushanga una joto kidogo ili ufa uwe wazi, futa iliyozidi, oka tena. Ufa utaonekana ukitazama kwa tochi, lakini kwenye shingo ya mtu hautaonekana.

Ikiwa udongo ulikuwa unamomonyoka hata kabla ya kuokwa, huenda ulianza kuiva ukiwa kwenye pakiti. Mzigo uliosafiri juu ya injini ya gari, au uliokaa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la Januari, hufanya hivyo. Bonyeza pakiti kwa kidole kabla ya kulipa. Ikigoma kabisa, irudishe kwenye rafu. Ugumu wa asubuhi ya Julai ni tofauti: huo hulainika ukiweka udongo mfukoni kwa nusu saa, na tone moja la mafuta ya mtoto yasiyo na rangi humalizia kazi.

Dalili: upande mmoja bapa na unang'aa

Umeoka juu ya kigae au trei tupu. Tumia wanga, au tundika shanga kwenye kijiti cha mishikaki au spoki ya baiskeli iliyosafishwa mafuta, ncha zote mbili zikilala juu ya kingo za trei. Basi.

Dalili: vitone vyeusi na nyuzinyuzi

Nairobi ina vumbi jekundu upande mmoja na masizi ya barabara upande mwingine, na udongo huu unavyopenda kunata hukusanya yote. Kanda kipande cha udongo mweupe wa bei nafuu kwanza. Kitabeba uchafu wa mikono na wa mashine. Futa meza kwa taulo za maji za watoto, kisha iache ikauke. Vaa pamba ya rangi hafifu, si sweta. Uzi mmoja mwekundu wa sweta ndani ya ushanga safi ni wa kudumu.

Ukiukuta uchafu kabla ya kuoka, uchokoe kwa ncha ya sindano, kisha pitisha pamba yenye spiriti safi isiyotiwa mafuta. Spiriti hiyohiyo hufuta alama za vidole. Baada ya kuoka, ulio juu huondoka kwa msasa. Ulio ndani utakaa.

Dalili: mikwaruzo, au mng'ao uliofifia

Msasa wa kawaida wa mbao haufai. Tafuta msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi wa rangi za magari. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huuza karatasi moja moja. Anza na karatasi namba 400 ikiwa ngozi ina mabonde, au 600 ikiwa imetoka laini, kisha 800, 1000, 1500 na 2000. Tia tone la sabuni ya vyombo kwenye bakuli la maji, na ufanye kazi yote ndani ya maji ili usivute vumbi la plastiki. Maji yale usimwage kwenye sinki kabla tope halijatua. Tope ni la pipa la taka.

Kosa la kawaida hapa ni kuruka namba. Anayetoka 600 na kwenda 1500 atapata ushanga unaoteleza mkononi, mzuri mezani, na akiupeleka juani ataona mistari mirefu ya 600 imelala chini ya mng'ao. Kabla ya kubadili karatasi, osha ushanga, ukaushe, uinamishe pembeni ya mwanga. Mistari yote iwe ya ukubwa mmoja. Ukiona mmoja mnene, karatasi ya sasa haijamaliza kazi.

Baada ya 2000, sugua kwa kipande cha jinzi kuukuu. Jinzi ya Gikomba iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko mpya. Mashine ndogo yenye gurudumu la pamba huharakisha, lakini isikae mahali pamoja hata kidogo; msuguano hupasha joto ngozi ikavutika. Kwa maoni yangu ushanga unaopitisha mwanga uliofikishwa 2000 na kusuguliwa hauhitaji vanishi. Vanishi huweka mng'ao wa plastiki juu ya kitu kilichokwisha kupata mng'ao wake.

Dalili: unanata

Ushanga unaonata wiki kadhaa baada ya kupakwa umepakwa kitu kisichopatana na kilainishi kilichomo. Mshukiwa wa kwanza ni rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo watu huipenda kwa bei yake. Wa pili ni rangi za kopo za kupuliza. Vyote viwili vina viyeyusho ambavyo hukutana na kilainishi cha PVC, na ngozi ya ushanga hubaki laini, ikikusanya vumbi mpaka inakuwa kijivu. Kusubiri hakusaidii. Futa kwa pamba yenye spiriti, rudia mpaka pamba itoke safi, kisha anza msasa upya kuanzia 800. Asetoni huondoa haraka zaidi, lakini hula udongo wenyewe, kwa hiyo iwe kwa sekunde chache na kwa mkono mwepesi.

Anayetaka vanishi atumie ya maji, tabaka jembamba, likauke, kisha la pili. Asitikise kopo, akoroge. Vanishi ikitoka na utando mweupe, mara nyingi ushanga ulikuwa bado na maji ya msasa kwenye tundu. Uache ulale hadi kesho kwanza. Na vanishi yoyote mpya ipakwe kwanza kwenye ule ukanda wa majaribio, uachwe wiki kadhaa, ndipo ipate shanga za kuuzwa.

Unaonata kabla ya kupakwa chochote haukuiva. Rudisha kwenye oveni.

Stima imepotea katikati

Au tokeni za stima zimeisha. Acha mlango umefungwa, shanga zipoe humo humo. Stima ikirudi anza muda upya kutoka mwanzo, kwa joto lilelile. Usijaribu kufidia dakika zilizopotea kwa kupandisha moto.

Tundu limeziba au limemeguka

Tundu linalotobolewa kabla ya kuoka huonekana ndani ya ushanga kama mstari mweupe, hasa wanga ukibaki humo. Lisugue kwa uzi mnene uliolowa sabuni. Ukitaka mstari safi zaidi, toboa baada ya kuoka: weka alama kwa sindano pande zote mbili, tumia ncha ya kekee ya milimita 1.5 uizungushe kwa mkono, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande ule. Ukitoboa moja kwa moja, ncha hutokea upande wa pili kwa kishindo na kumegua kingo. Ushanga uliokwama kwenye spoki zungusha ukiwa bado na uvuguvugu, usivute.